Ujumbe wa "muamala umekamilika" usitangulie daftari

Kila mfanyabiashara wa mpakani anaijua sentensi hii: muamala wako umekamilika. Inaingia kwenye simu pamoja na namba ya kumbukumbu, kiasi, saa na salio jipya. Kwa sentensi hiyo lori linaruhusiwa kuondoka Namanga, magunia ya mahindi yanavushwa Mutukula, na mwenye vitenge anafungua robota Tunduma. Katika ukanda wetu ujumbe huo umechukua nafasi ya hundi, stakabadhi, na hata neno la mdhamini.

Hoja yangu leo ni moja. Ujumbe huo unaweza kutumwa kabla ya jambo linalotangazwa halijatokea. Si kwa sababu ya wizi wala uzembe wa mtu, bali kwa sababu ya namna mfumo ulivyochaguliwa kujengwa. Benki kuu zetu na mamlaka za mapato zinapaswa kuupa ujumbe huo maana moja isiyo na mjadala: kwamba fedha zimeandikwa kwenye daftari la kudumu. Kwa sasa mteja hana njia ya kujua kama ndivyo, au kama zimeonekana tu kwenye mashine fulani kwa muda.

Nitaeleza kwa lugha ya duka, maana jambo lenyewe ni la duka.

Chukua duka la jumla siku ya gulio. Wateja wamejaa kaunta. Kijana anayeuza hawezi kufungua daftari kubwa la mwenye duka kila mtu anapochukua katoni mbili za sabuni, kutafuta ukurasa wa mteja, kuandika, kujumlisha na kufunga. Foleni ingefika barabarani. Kwa hiyo anachana kipande cha boksi, anakiweka karibu na mizani, anaandika humo: Mama Neema katoni 2, yule wa Taveta mifuko 5. Jioni, duka likishatulia, anahamisha yote kwenye daftari. Kipande cha boksi ni cha haraka. Daftari ni la kweli. Duka zuri lina vyote viwili.

Mifumo ya fedha na ya forodha imejengwa hivyo hivyo. Daftari lake linaitwa hifadhidata ya uhusiano: majedwali yenye safu na mistari, yaliyobuniwa kwa msingi wa kazi ya Edgar Codd, mtafiti wa IBM, aliyoichapisha mwaka 1970. Hifadhidata hiyo ina tabia ambayo kila mwenye biashara angeipenda. Ukitoa 500,000 kwa mmoja na kumpa mwingine, ama mambo yote mawili yanaandikwa, ama hakuna hata moja linaloandikwa. Umeme ukikatika katikati, ikiwaka inarudi kwenye hali iliyo sahihi. Na ikishasema "nimeandika", imeandika kwenye diski, si kichwani. Haya ndiyo maana halisi ya neno muamala katika kompyuta, na aliyeyafafanua kuliko wengine ni Mmarekani Jim Gray, ambaye kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Turing mwaka 1998.

Tatizo la daftari hilo ni foleni. Kuandika kwenye diski ni polepole sana kulinganisha na kuandika kwenye memori ya kompyuta. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, na Tanzania mwaka uliofuata, watu walituma hela nyumbani mara moja moja. Leo muuza samaki wa Busia anapokea malipo mara arobaini kabla ya adhuhuri, na kila anayelipa huangalia salio kabla na baada. Hifadhidata moja ikiachiwa mzigo wote huo, siku za mwisho wa mwezi itasota.

Ndipo wahandisi wakaweka kipande cha boksi. Kwao kinaitwa gridi ya data ya memori: kompyuta kadhaa zilizounganishwa, kila moja ikishika sehemu ya taarifa kwenye memori yake na nakala ya sehemu ya jirani yake, ili moja ikizima nyingine ichukue. Programu za aina hii ziko nyingi na ni nzuri. Coherence ya kampuni ya Oracle, Hazelcast iliyoanzishwa na wahandisi wa Uturuki, Apache Ignite. Salio lako linapoonekana kwenye simu kwa kufumba na kufumbua, yawezekana limetoka kwenye memori ya namna hiyo, wala halikutoka kwenye daftari. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Bila memori hizo huduma tunayoipata isingewezekana kwa bei tunayoilipa.

Ugomvi wangu unaanzia jioni, wakati wa kuhamisha.

Kuna njia mbili kuu za kuunganisha memori na daftari. Ya kwanza, memori haimjibu mteja mpaka daftari liseme limeandika. Kijana wa dukani anaandika kwenye boksi, anampigia mwenye daftari kelele, anasubiri "sawa", ndipo anamkabidhi mteja bidhaa. Ni polepole kiasi, lakini boksi na daftari haviachani. Ya pili, memori inapokea, inamjibu mteja palepale kwamba imekamilika, halafu inaweka kazi ya kuandika kwenye foleni. Baada ya sekunde kadhaa, kulingana na jinsi mwenye mfumo alivyopanga, daftari linapelekewa furushi la maandishi kwa pamoja. Njia hii ina kasi kubwa, na inapendwa.

Ni nini kinachoweza kuharibika ndani ya sekunde hizo? Hapa sina haja ya kubuni. Miongozo ya Oracle kuhusu Coherence inasema wazi kwamba ukichagua njia ya pili, muamala wa memori kwa kawaida unakuwa umekwisha kabla ule wa hifadhidata haujaanza. Inaendelea kusema kwamba kwa hiyo uandishi kwenye hifadhidata haupaswi kushindwa kamwe, na kama huwezi kulihakikisha hilo, lazima uwe umejiandaa kurudisha nyuma. Inaonya pia kwamba maandishi yanaweza kufika kwenye daftari kwa mpangilio tofauti na yalivyotokea. Yaani mtengenezaji mwenyewe amekuambia hatari iko wapi. Aliyenunua ndiye anayepaswa kusoma.

"Kurudisha nyuma" ni maneno mepesi kwa mhandisi. Kwa mfanyabiashara ni mambo mengine kabisa. Chukua mfano: mnunuzi yuko Isebania, muuzaji yuko Sirari, mzigo ni vitunguu gunia sitini. Mnunuzi analipa, memori inakubali, muuzaji anapata ujumbe, magunia yanapakiwa kwenye pikapiki tatu na kuvuka. Sekunde chache baadaye daftari linakataa: pengine akaunti ilifungiwa asubuhi ile na idara nyingine, pengine kikomo cha siku kilishapitwa na memori haikujua. Mfumo unarudisha nyuma. Salio la muuzaji linapungua, na pengine hapati ujumbe wowote, kwa kuwa ujumbe hutungwa kwa ajili ya muamala na si kwa ajili ya kufutwa kwake. Fedha zinaweza kurudishwa nyuma. Vitunguu haviwezi.

Kuna mlango mwingine wa matatizo ambao watu husahau. Daftari haliandikwi na memori peke yake. Usiku hupita programu ya makato na tozo, hupita mtu wa idara ya marekebisho, hupita mfumo wa ukaguzi, na hawa wote wanaweza kuandika moja kwa moja kwenye hifadhidata bila kupitia gridi. Asubuhi memori bado inaonyesha salio la jana. Mfanyabiashara anaona ana 2,000,000, anaahidi bei, anafika kwa wakala anaambiwa 1,940,000. Anaanza kugombana na wakala, ambaye naye hajui lolote. Magomvi ya namna hii kwenye vibanda yangepungua kama skrini ingesema tu salio hili ni la saa ngapi.

Haya yote ni ndani ya nchi moja, mfumo mmoja. Sasa vuka mpaka.

Malipo kutoka Arusha kwenda Nairobi yanagusa walau madaftari mawili, kila moja na memori yake, chini ya sheria mbili na sarafu mbili. Njia ya kale ya kuyaunganisha, ambayo Gray aliieleza katika maandishi yake ya mwaka 1978, inafanana sana na kazi ya mshenga. Mshenga anakwenda upande wa kwanza: mko tayari? Tuko tayari. Anakwenda wa pili: mko tayari? Tuko tayari. Akishapata majibu yote mawili anarudi na kutangaza: haya, fungeni. Upande mmoja ukikataa, anawaambia wote waache. Utaratibu huu ni salama, ila una kasoro moja ambayo familia zinaijua. Pande zote zikishasema tuko tayari, kisha mshenga akapotelea njiani, hakuna anayeruhusiwa kuendelea wala kuacha. Pilau limepikwa, maturubai yamefungwa, watu wamekaa. Katika kompyuta, fedha zinakuwa zimezuiwa: zimetoka kwa mtumaji, hazijafika kwa mpokeaji, na huduma kwa wateja inakuambia usubiri saa 72.

Kwa malipo makubwa ya benki kwa benki ukanda huu una mfumo wake wa malipo wa Afrika Mashariki, unaounganisha mifumo ya benki kuu, na huo hukamilisha malipo moja moja kwenye madaftari ya benki kuu zenyewe. Hilo ni jambo jema na linastahili sifa kuliko linavyozipata. Lakini mwenye gunia sitini hapiti huko. Yeye anapita kwenye simu, na baina ya mitandao ya simu ya nchi mbili hakuna benki kuu itakayomruhusu mshenga wa nchi nyingine afunge daftari lake hata kwa nusu dakika. Kwa hiyo mshenga hafai hapa, na wanaodhani tutampata mmoja wa kanda nzima wanajidanganya.

Inayofaa ni njia ya karani na barua. Daftari la Arusha linaandika mambo mawili kwa mpigo mmoja, kwenye ukurasa mmoja: nimetoa 800,000 kwa fulani, na nimeandika barua kwenda Nairobi yenye namba hii. Kwa kuwa vyote viko kwenye daftari moja, haiwezekani fedha zitoke bila barua kuandikwa. Kisha karani anapeleka barua. Asipopata jibu, anaipeleka tena, na tena, mpaka ajibiwe. Na Nairobi wana kazi moja ya lazima: kuangalia namba. Barua yenye namba waliyokwisha kuipokea wanaijibu kwa heshima, lakini hawalipi mara ya pili. Agizo lenye namba moja, lije mara tano, lifanye kazi mara moja. Ni utaratibu wa kizamani kabisa. Makarani wa bandari walijua kugonga muhuri wa "imepokelewa" kabla ya kompyuta kuzaliwa.

Utaratibu huu haufanyi kazi kama daftari la Arusha halijaandika na memori ndiyo iliyotuma barua. Barua imekwenda, Nairobi wamelipa, halafu Arusha inarudisha nyuma. Hapo pengo ni la kweli, ni la sarafu mbili, na lazima liangukie kwa mtu.

Jambo hili haliishii kwenye fedha. Chini ya Himaya Moja ya Forodha, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2014, kodi ya mzigo unaoteremshwa Dar es Salaam kwenda Kigali hulipwa Rwanda wakati mzigo bado uko bandarini. Lori haliondoki mpaka mfumo wa nchi unakokwenda uuambie mfumo wa nchi yenye bandari kwamba kodi imelipwa. Wakala wa forodha anayeona "imelipwa" kwenye skrini moja na "haijalipwa" kwenye nyingine anajua ninachozungumzia. Kila siku ya kusubiri ina gharama ya uhifadhi, ina posho ya dereva, na kama ni matunda ina harufu yake. Taarifa ya kuachilia mzigo ni fedha kwa jina jingine, na inastahili ukali uleule.

Sasa nije kwenye linaloniudhi zaidi, nalo ni swali la nani anabeba hasara memori na daftari zikitofautiana.

Kuna kesi moja ambayo kila wakala wa fedha wa Afrika Mashariki angepaswa kuisimuliwa. Posta ya Uingereza huendesha matawi yake mengi kupitia mawakala, watu wenye maduka madogo waliosaini mkataba. Kuanzia mwaka 1999 walifungiwa mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliojengwa na kampuni ya Fujitsu. Mkataba wao ulitafsiriwa kuwa upungufu ukionekana kwenye hesabu, wakala analipa. Upungufu ukaanza kuonekana. Watu walilipa kwa akiba zao, wakauza nyumba, wakashitakiwa. Zaidi ya mawakala 900 walitiwa hatiani, wengi wao kwa mashitaka yaliyofunguliwa na Posta yenyewe. Baadhi walifungwa jela. Baadhi walijiua.

Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya London iliamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zilizoweza kuzalisha upungufu usiokuwepo, na kwamba zilikuwa zimefanya hivyo. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufani ilifuta hukumu 39 kwa siku moja, na mwaka 2024 Bunge likatunga sheria ya kuzifuta kwa jumla.

Ukisoma kasoro zenyewe unakuta mambo tuliyoyazungumza hapa. Katika tawi la Callendar Square, mjini Falkirk, kompyuta ya kaunta moja haikuwa inaona kile kilichoandikwa na nyingine, hivyo uhamisho mmoja ukapokelewa mara mbili. Nakala hazikulingana, basi. Na mwaka 2015, Dalmellington huko Scotland, wakala alikuwa anaingiza kwenye mfumo kifurushi cha pauni 8,000. Skrini ikaganda. Akabonyeza tena, na tena, na tena. Kila mbonyezo ukahesabiwa kuwa ni kifurushi kipya. Mfumo ukasema ana pauni 32,000 wakati mkononi ana 8,000, na hivyo amepungukiwa 24,000. Namba moja kwa kifurushi kimoja, ikikaguliwa kabla ya kuandika, ingezuia jambo lile zima.

Nani kati yetu hajabonyeza mara ya pili skrini ilipoganda?

Kilichowaumiza wale mawakala zaidi ya kasoro ni dhana. Kwa miaka mingi mahakama za Uingereza zilianza kwa kuamini kwamba kompyuta ilikuwa inafanya kazi sawasawa mpaka mshitakiwa aonyeshe vinginevyo. Mwenye duka la kijijini angeonyesha nini? Kumbukumbu zote zilikuwa kwa aliyemshitaki. Na huku kwetu, wakala wa kibanda cha Tunduma akiambiwa floti yake imepungua, anaonyesha nini? Ana daftari la mistari, kalamu, na ujumbe kwenye simu. Akiambiwa kwamba ujumbe si ushahidi, kwamba ushahidi ni mfumo, basi amebaki mikono mitupu.

Ndiyo maana nasema ujumbe lazima uwe na maana ya kisheria. Kampuni iliyotuma "umekamilika" iwe imefungwa na neno lake. Kama daftari lake lilikataa baadaye, hasara ni yake, kwa kuwa ndiyo iliyochagua kusema kabla ya kuandika. Kama haitaki kubeba hasara hiyo, ina chaguo rahisi: iseme "umepokelewa, subiri", kisha itume "umekamilika" daftari likishaandika. Hapo mfanyabiashara atajua kwamba magunia yasipakiwe bado. Sekunde sita za kusubiri si kitu kwa mtu aliyesafiri saa sita.

Najua majibu yatakayotolewa na wahandisi, na si majibu ya kupuuzwa. La kwanza ni kwamba gridi za kisasa hutunza nakala mbili au tatu, hivyo memori haipotei kirahisi. Ni kweli. Lakini nakala tatu za kitu ambacho daftari litakikataa ni nakala tatu za kosa. Nakala huzuia kupotea, hazizuii kukataliwa. La pili ni gharama: kusubiri daftari kwa kila muamala kunataka mashine kubwa, na gharama itamrudia mteja. Hili nalikubali kwa sehemu. Ila si kila taarifa inahitaji daftari. Bei za mazao za masoko, viwango vya kubadilisha sarafu vinavyoonyeshwa tu, mahali lilipo lori, orodha ya miamala ya mwezi uliopita: hizi zisomwe kwenye memori, zikichelewa dakika mbili hakuna atakayelia. Kinachohitaji ukali ni mambo machache. Fedha kutoka mkono mmoja kwenda mwingine. Floti ya wakala. Kiwango cha sarafu pale kinapofungwa kwa malipo. Ruhusa ya forodha. Mhandisi anayeweka yote kwenye kapu moja la "haraka" amerahisisha kazi yake kwa fedha za wengine.

Jibu la tatu husemwa kwa sauti ya chini: matukio haya ni machache. Sina takwimu za kuthibitisha wala kukanusha, na wenye takwimu hawazitoi. Hilo lenyewe ni tatizo, na dawa yake inajulikana. Kila usiku benki na kampuni za simu hulinganisha hesabu. Benki kuu ziwatake watoe, kwa kila mwezi, idadi ya miamala ambayo mteja aliambiwa imekamilika kisha ikafutwa, ilichukua muda gani kugunduliwa, na mteja alijulishwa baada ya saa ngapi. Zitoe takwimu hizo kwa kila njia ya mpakani: Kenya na Tanzania, Uganda na Rwanda, Tanzania na Kongo. Tukishaziona tutajua kama tunabishana juu ya kitu kidogo au kikubwa.

Jumuiya nayo ina sehemu yake. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na tangu hapo vikao vingi vimefanyika kuhusu viwango vya unga, maziwa na sabuni. Namba ya muamala haijapata kikao cha namna hiyo kinachojulikana kwa wafanyabiashara. Inahitajika namba moja, inayozaliwa pale malipo yanapoanza na kubaki ileile upande wa pili wa mpaka, iandikwe kwenye ujumbe wa mtumaji, wa mpokeaji na kwenye hati ya forodha. Leo mtumaji ana namba yake, mpokeaji ana yake, na malalamiko yakitokea kila mtandao unasema namba ya mwenzake hauitambui. Mtu anayefanya biashara ya kiasi kidogo chini ya utaratibu rahisi wa Jumuiya, ule wa mizigo isiyozidi dola 2,000, hana mwanasheria wa kumfuatilia. Namba moja ingekuwa ndiyo mwanasheria wake.

Wakati hayo yakisubiriwa, kuna ya kufanya leo. Mzigo mkubwa usiachiwe kwa ujumbe peke yake. Subiri dakika chache, kisha omba taarifa fupi ya akaunti, uone kama muamala upo na si salio tu, kwa kuwa salio linaweza kusomwa kutoka kwenye memori. Skrini ikiganda, usibonyeze tena kabla ya kuangalia orodha ya miamala. Wakala na afunge hesabu ya floti yake kwa daftari la mkono kila jioni, aandike namba za kumbukumbu za miamala mikubwa na saa yake, apige picha ya skrini inayotofautiana na ujumbe. Mawakala wa posta waliokwenda mahakamani London walichelewa miaka mingi kwa kukosa kumbukumbu zao wenyewe, kwa sababu kila kitu kilikuwa ndani ya mashine ya mwenye kesi.

Na vyama vya wafanyabiashara wa mipakani, ambavyo hualikwa kila mwaka kutoa maoni kuhusu vyoo, mizani na maegesho ya malori, viongeze swali moja kwenye barua zao kwa kampuni za simu na benki: ujumbe wa "umekamilika" unatumwa kabla au baada ya hifadhidata kuandika? Jibu ni neno moja, na mhandisi yeyote wa mfumo huo analijua. Liombwe kwa maandishi, lenye sahihi ya mtu mwenye mamlaka, na nakala ipelekwe benki kuu ya nchi husika.